Kwashakoo: ni kweli aliyeiandika kwanza ni daktari mwanamke wa Jamaika? Na kubemendwa je?

binti_wa_tabora

Wadau habari zenu, wakubwa shikamooni. Nina swali na naombeni mnijibu kwa utulivu maana huku limeshaleta mabishano. Kuna mtoto wa jirani ana mwaka na nusu hivi, amevimba miguu na mashavu, nywele zimekuwa laini zimegeuka rangi ya kutu, hachezi, ukimgusa tu analia, na mama yake ni mjamzito wa miezi mitano. Sasa mtaani imeshapitishwa kwamba mtoto amebemendwa, yaani wazazi hawakutulia, wamekutana mpaka mama akashika mimba mtoto bado ananyonya, na yule dada wa watu amejifungia ndani anaona aibu hata kumpeleka kliniki, anajua akifika tu pale kwenye benchi akina mama wote wataangalia tumbo lake kwanza ndo waangalie mtoto.

Mimi shuleni tulifundishwa hiyo ni kwashakoo, kitabuni wanaita unyafuzi, na inatokana na chakula. Nikalisema hilo mbele ya mama mkwe wake, akaniuliza hao waliosema ni chakula walijuaje, nikabaki kimya. Nimesikia juu juu kwamba mtu wa kwanza kuiandika kitaalamu ni daktari mwanamke mzaliwa wa Jamaika na kwamba aliikutia Ghana. Ni kweli? Na alifanyaje mpaka akajua ni chakula? Anayeyajua maisha ya huyu mama anisimulie kwa kirefu tafadhali, nataka nikirudi pale nirudi na maneno ya kueleweka.

nesi_mstaafu_songea

Marahaba mwanangu. Historia watakupa wengine, mimi naanza na mtoto. Huyo aende hospitali LEO, sio kesho. Kama unataka kuhakikisha, mbonyeze juu ya unyayo kwa kidole gumba, miguu yote miwili, hesabu mpaka tatu taratibu, ukitoa kidole ukakuta kishimo kimebaki basi huo ni utapiamlo mkali, hata kama mzani unasema ana uzito mzuri. Mzani unadanganya hapo kwa sababu unapima na maji yaliyojaa mwilini. Wakati huohuo msimpe dawa ya kukojoza maji kutoka duka la dawa, na msianze kumshindilia mayai na maharage kwa mpigo mkidhani mnamwokoa. Nitarudi kueleza kwa nini. Mbebeni mwende, na wewe ongozana na mama yake ili asiwe peke yake kwenye hilo benchi.

kalamu_ya_pwani

Nesi kasema la maana kuliko yote, fanyeni hilo kwanza. Sasa mimi nije kwenye swali maana huyu mama ni mmoja wa watu ninaowaheshimu sana katika historia ya udaktari na inaniuma kuona watu wetu hawamjui wakati ugonjwa wenyewe kila kijiji kinaujua.

Ndio, ni kweli. Anaitwa Cicely Williams. Kazaliwa Desemba 1893 Jamaika, sehemu inaitwa Kew Park, familia ya kizungu iliyokaa kile kisiwa vizazi na vizazi. Ana miaka 13 akapelekwa Uingereza kusoma, baadae akapata nafasi Oxford lakini hakuichukua hapohapo, akarudi kwanza nyumbani kusaidia wazazi maana kisiwa kilikuwa kimepigwa na tetemeko na vimbunga. Baba yake akafariki 1916, ndo akarudi Oxford kusomea udaktari, na mlango ulimfungukia kwa sababu vijana wa kiume walikuwa Vita ya Kwanza na madarasa yako matupu. Akamaliza 1923. Lakini vita si ilishaisha, wanaume wamerudi, na madaktari wanawake wakawa wanazunguka na vyeti hawapati nafasi. Akafanya kazi hospitali za wanawake na watoto London, akaongeza kozi ya magonjwa ya nchi za joto, na 1929 serikali ya kikoloni ikampeleka Gold Coast ndo Ghana ya leo. Na walimchukua kama "afisa tabibu mwanamke", mshahara chini ya wa daktari mwanaume mwenye sifa zilezile, kazi yake wanawake na watoto tu. Yaani walidhani wanamweka pembeni, kumbe wamemweka mahali penyewe.

Accra akakutana na watoto wa mwaka mmoja mpaka minne hivi wanaletwa wamevimba mikono na miguu, nywele zimepauka, wamenuna, ngozi inaingia madoa meusi halafu inabanduka kama rangi ya ukuta wa zamani. Wengi walikufa. Madaktari wenzake walishakuwa na majibu yao tayari, kubwa likiwa kwamba hii ni pelagra, ugonjwa wa watu wanaokula mahindi matupu ambao ulikuwa unajulikana Ulaya na Marekani. Yeye akawa anaangalia mwili wa mtoto mmoja mmoja na haikubaliani na kitabu. Pelagra inaunguza ngozi pale jua linapopiga, shingoni, mikononi, sasa hawa madoa yalikuwa hata sehemu ambazo jua halifiki. Watoto waliokufa akawa anawapasua mwenyewe achunguze ndani, akakuta ini limejaa mafuta. Hiyo kazi nusura imuue, alijikata wakati wa upasuaji wa maiti akapata maambukizi makali ya damu na enzi hizo hakuna antibayotiki, fikiria.

Lakini kilichofungua fundo ni kwamba ALIULIZA. Aliwauliza akina mama na manesi wa pale, ninyi huu ugonjwa mnauitaje. Wakamwambia kwa Kiga, lugha ya wenyeji wa Accra, ni kwashiorkor, ndo ule ugonjwa unaompata mtoto mkubwa pale mdogo wake anapokuja na yeye kuondolewa nafasi yake. Akakaa na hilo neno. Mtoto anaondolewa nafasi gani? Anaondolewa ziwani. Anapewa nini badala yake? Uji wa mahindi na vyakula vya mahindi, asubuhi mahindi jioni mahindi. Akaangalia mafaili yake akaona wote ni walewale, wameachishwa ziwa, wamehamia kwenye mahindi. Akawapa maziwa, na wale waliowahi kufika mapema wakapona. Ndo akaandika 1933 kwamba huu ni ugonjwa wa lishe unaoendana na chakula cha mahindi na kwamba upungufu wa protini hauwezi kuondolewa kwenye orodha ya visababishi. 1935 akaandika tena kwenye Lancet, jarida kubwa la madaktari la Uingereza, safari hii akauita kwa jina lilelile la akina mama wa Accra.

Hilo ndo jibu la mama mkwe. Walijuaje? Walijua kwa kuwauliza akina mama wenzake.

mzee_wa_kahama

Nimesoma yote kwa makini na nakushukuru kalamu, lakini kuna kitu naomba tukiseme wazi. Kama akina mama wa Accra walikuwa na jina, wanajua unampata nani na unampata lini, basi huyu daktari aligundua nini? Naona kila siku tunafundishwa fulani wa Ulaya kagundua mlima, fulani kagundua ziwa, na watu walikuwa wanavua samaki humo humo. Sipingi kazi yake ila heshima igawanywe.

kalamu_ya_pwani

Mzee wangu shikamoo, hoja yako nzito na nakubaliana nayo zaidi ya nusu. Ndo maana nimesema kwa kuuliza. Angeweza kabisa kuupa ugonjwa jina lake au jina la kilatini kama walivyokuwa wanafanya, hakufanya hivyo, na daktari mkubwa mmoja wa London alimpinga hadharani akisisitiza ni pelagra tu, yeye akashikilia neno la Accra. Leo ukienda kwenye kitabu chochote cha watoto duniani neno ni hilo la Kiga, na sisi huku tumeligeuza kwashakoo tukalifanya letu.

Lakini kilichoongezwa nacho tusikidharau. Akina mama walijua LINI na NANI. Walichokosa ni KWA NINI, na bila hiyo kwa nini hakuna tiba. Angalia na sisi. Bibi zetu waliona mama akishika mimba mapema yule mtoto mkubwa ananyong'onyea, anavimba, anaharisha. Waliona sawasawa kabisa! Wakasema amebemendwa. Walichokiona ni kweli, maelezo ndo yalikosea, na hayo maelezo yakaangukia mabegani kwa mama. Mtoto anaachishwa ziwa ghafla siku ambayo mimba imejulikana, maana inaaminika maziwa yameshaharibika, halafu anawekewa uji mweupe na ugali na mchuzi. Yaani hofu ya kubemenda yenyewe ndo inamwondoa mtoto kwenye chakula bora alichokuwa nacho. Hapo ndo mimi naumia.

Kwa hiyo binti ukirudi usimwambie mama mkwe kwamba wazee walikuwa wajinga. Mwambie wazee waliona, na kuna mtu akaja akauliza zaidi.

omwana_wa_kampala

Ndugu zangu wa Tanzania nawasalimu kutoka Kampala, Kiswahili changu mtanivumilia. Hili jambo huku kwetu tunalijua sana. Waganda walikuwa na obwosi, ni ugonjwa wa mtoto ambaye mama yake amepata mimba nyingine, wakasema joto la ile mimba ndo linamchoma huyu anayenyonya. Sasa muone, Accra, Buganda na kwenu huko pwani na bara, watu hawajawahi kukutana lakini wote wameona kitu kimoja.

Na huku ndo kulikuwa uwanja wa ule ubishi. Kulikuwa na daktari Hugh Trowell, alianzia Kenya mwaka huohuo 1929 halafu katikati ya miaka ya 1930 akaja Mulago, hospitali kubwa ya hapa Kampala. Aliwaona watoto wekundu wa nywele waliovimba akahangaika nao miaka mingi, na yeye mwanzoni alikuwa upande wa kusema ni aina ya pelagra, mpaka mwishoni akakubali ni kwashiorkor na 1954 akatoa kitabu kizima juu yake pamoja na wenzake. Waingereza wakafungua kituo cha utafiti wa utapiamlo wa watoto hapohapo Mulago. Sasa kwa nini Buganda wakati sisi tuna mvua na chakula kimejaa? Matooke, zile ndizi za kupika. Ni tamu, inashibisha, lakini mtoto mdogo tumbo lake linajaa kabla hajapata protini ya kumtosha.

Miaka ya 1960 pakaanzishwa Mwanamugimu, jina limetoka kwenye methali yetu ya Kiganda kwamba mtoto mwenye afya anatoka kwenye mgongo wa mama mwenye afya. Pale mama analazwa na mtoto wake, anafundishwa kupika kitobero, yaani unaweka matooke yaliyomenywa, unaongeza maharage yaliyotolewa maganda au karanga za kusaga au mukene, yaani dagaa, unafunga kwenye jani la ndizi, unaweka juu ya chakula cha nyumba nzima kiive kwa mvuke. Mama haongezi kuni wala sufuria. Akishaona kwa macho yake mtoto wake amepona kwa chakula cha shambani kwake, akirudi kijijini yeye ndo anakuwa mwalimu. Mulago bado wanapokea watoto mpaka leo.

Profesa wa watoto pale Makerere miaka hiyo, Jelliffe, ndo baadae aliandika kitabu pamoja na huyo mama Williams juu ya afya ya mama na mtoto. Kwa hiyo mkono wake ulifika mpaka huku.

binti_wa_tabora

Asanteni sana jamani, mpaka nimesisimka. Taarifa: tumempeleka. Tulimbonyeza kama nesi alivyosema na kishimo kikabaki kweli, mama yake mwenyewe alipoona akachukua kanga tukatoka. Amelazwa, anapewa maziwa kidogokidogo kila baada ya masaa machache mchana na usiku. Benchi ilinyamaza kidogo tulipoingia lakini muuguzi wa pale alimchukua moja kwa moja.

Kalamu naomba uendelee, alibaki Ghana? Na nimesoma mahali kwamba alifungwa jela, ni huyuhuyu?

kalamu_ya_pwani

Mungu ampe nafuu huyo mtoto. Ndio ni huyuhuyu, na hapa ndo maisha yake yanapokuwa makubwa.

Ghana alikuwa haelewani na wakubwa wake. Yeye alishaona kwamba kutibu na kukinga haviwezi kutenganishwa, mama akija na mtoto mgonjwa hapohapo aelekezwe chakula, apimiwe na yule mdogo, na nesi aende mpaka nyumbani kwake aone anapikaje. Serikali ilikuwa na idara ya tiba huku na idara ya afya kule, kila mtu na bajeti yake. 1936 wakamhamishia Malaya, koloni la Waingereza ambalo ndo Malaysia ya leo, mbali kabisa. Kwangu mimi ile ilikuwa adhabu.

Malaya akakuta tatizo limegeuka. Accra walikuwa wanakufa watoto walioachishwa ziwa, huku wanakufa vichanga kabisa, ambao mama zao wana maziwa kifuani lakini wameshawishiwa wawape maziwa ya kopo yenye sukari. Makampuni yalikuwa yanatuma wanawake waliovaa sare kama za manesi wapite nyumbani na wodini wakisifia kopo. Maji si salama, chupa haichemshwi, mama akiona kopo linaisha anaongeza maji, na maziwa ya kopo yenyewe ya aina ile hayana virutubisho anavyohitaji mtoto wa siku chache. Watoto wakawa wanaharisha na kukonda mpaka wanafariki.

1939 akaalikwa kuzungumza mbele ya klabu ya Rotary Singapore, wamekaa waheshimiwa na wafanyabiashara, mwenyekiti wa kikao ni bosi wa kampuni ya hayo hayo maziwa. Mwingine angezungumzia usafi akapigiwa makofi akaondoka. Yeye hotuba yake akaiita "Maziwa na Mauaji", akawaambia usoni kwamba vifo vinavyotokana na propaganda hii vinatakiwa kuhesabiwa kuwa ni mauaji. Nadhani ndo siku ninayoipenda kuliko zote kwenye maisha yake. Mwanamke mmoja, mtumishi wa serikali, hana chama wala gazeti nyuma yake, anasema hivyo mbele ya wenye mali. Ilichukua zaidi ya miaka 40 mpaka 1981 ndo dunia ikapitisha kanuni za kuzuia matangazo ya maziwa mbadala kupitia Shirika la Afya Duniani. Sisi Tanzania kanuni zetu zilitoka 1994, Kenya wakatunga sheria yao 2012. Kwa hiyo ukiona kwenye kopo la maziwa ya mtoto pameandikwa maziwa ya mama ndo bora, hilo tangazo lina mizizi mpaka kwenye kile kikao.

Sasa jela. Mwisho wa 1941 Wajapani wanaingia Malaya, yeye yuko Trengganu upande wa mashariki, akatoroka porini mpaka Singapore, Singapore ikaanguka Februari 1942, akafungwa gereza la Changi na maelfu ya raia. Miaka mitatu na nusu. Alikuwa kiongozi kwenye kambi ya wanawake, Wajapani wakamshuku, wakampeleka kwa polisi wao wa kijeshi Kempeitai wakamhoji na kumweka miezi kwenye chumba kidogo na watu wengine, wengine wanakufa pembeni yake. Alipata beriberi, ugonjwa wa kukosa vitamini B1, alipata kuhara damu. Vita inaisha 1945 yuko taabani kitandani. Na humo humo kambini hakuacha kuangalia watoto. Walizaliwa vichanga 20, wote 20 wakanyonyeshwa, wote 20 wakaishi. Kambi ya njaa hiyo! Mama wanakula wali kidogo na majani. Alikuja kuitaja hiyo hesabu maisha yake yote kila alipobishaniwa kwamba mama asiyekula vizuri hana maziwa.

1948 akawa mkuu wa kwanza wa kitengo cha mama na mtoto Shirika la Afya Duniani, yule yule aliyekuwa analipwa mshahara wa chini. Shirika likatuma wataalamu wakazunguka Afrika kuangalia huo ugonjwa wake na ripoti yao ya 1952 ikaonyesha umesambaa kupita walivyodhani wakubwa wa Ulaya. Baadae akafundisha London, Beirut, akazunguka nchi nyingi sana. Amefariki 1992 Oxford ana miaka 98.

nesi_mstaafu_songea

Nimefurahi mtoto kalazwa. Sasa nilisema nitarudi kwenye lile la mayai na maharage.

Baada ya Dr Williams watu walilichukua neno protini wakakimbia nalo. Miaka ya 1950 na 60 mashirika makubwa yakawa yanasema Afrika haina njaa ya chakula ina njaa ya protini, wakatengeneza unga wa samaki, unga wa soya, biskuti, pesa nyingi zikaenda huko. 1974 daktari mmoja aliandika kwenye Lancet kwamba ule ulikuwa mkenge mkubwa, watoto wengi walikuwa wanakosa chakula cha kutosha kwa ujumla sio protini pekee. Na mpaka leo kwashakoo haijaeleweka yote. Kuna utafiti uliochapishwa 2013 walifuatilia pacha huko Malawi, nyumba moja, chungu kimoja, mmoja anapata kwashakoo mwenzake hapati, wakaona vijidudu vya tumboni navyo vina mchango. Yeye mwenyewe Dr Williams 1933 aliandika kwa uangalifu kwamba protini haiwezi kuondolewa kwenye visababishi. Hakusema ni protini peke yake. Waliofuata ndo waliongeza sauti.

Ndo maana wodini siku za kwanza mtoto anapewa F75, maziwa maalumu yenye protini KIDOGO na nguvu ya wastani, kwa sababu ini lake na figo na moyo vimechoka, ukimjazia protini na chumvi kwa pamoja unaweza kumpoteza usiku huohuo. Anafunikwa asipate baridi, anapewa antibayotiki hata kama hana homa, sukari ya damu inaangaliwa. Binti usishangae na mwambie mama yake asishtuke: siku chache zijazo uzito UTASHUKA. Ni maji yanatoka, ni dalili nzuri. Uvimbe ukipungua na hamu ya kula ikirudi ndo wanamhamishia F100, maziwa maalumu yenye nguvu zaidi, au plampinati, ile ya karanga ya kwenye pakti, hapo sasa anajengwa. Damu ya kuongeza, vidonge vya madini ya chuma, haviharakishwi mwanzoni. Kila kitu kwa mpangilio. Akina mama wengi wanatoroka wodini siku ya pili wakiona mtoto "anakonda", na mtoto anarudi akiwa hoi au harudi. Mkae naye.

Kitu cha kwanza kitakachokwambia amepona sio mzani, ni kwamba atataka kucheza. Mtoto wa kwashakoo hataki mtu. Siku akikunyang'anya kijiko ujue tumevuka.

wa_makete

Mimi niongeze la kwetu nyanda za juu maana mjadala huu unanihusu. Iringa na Njombe ndo ghala la mahindi la nchi hii, viazi vipo, maharage yapo, maziwa yapo, na bado utafiti wa kitaifa wa 2022 unaonyesha kitaifa watoto waliodumaa ni 30 kwa 100 wakati Iringa wamevuka nusu. Kudumaa sio kwashakoo najua, ila mzizi mmoja. Mama yuko shambani toka alfajiri, mtoto amebaki na dada yake wa miaka saba na sufuria ya uji uliopoa, maharage yanauzwa gunia zima, mayai yanaenda gulioni. Miaka ya 1980 kulikuwa na mpango mkubwa wa lishe Iringa, watoto wanapimwa uzito kijijini na majina yanasomwa kwenye mkutano wa kijiji, na baba nao wamekaa hapo wanasikia. Wazee wetu wanakumbuka ilivyosaidia. Huyu mama wa Jamaika angepapenda maana ndo alichokuwa anasema, nenda nyumbani kwa mtu uone anapikaje na anapika saa ngapi. Kumwambia mama "mpe mlo kamili" halafu unaondoka na gari haijawahi kumjaza mtoto.

mzee_wa_kahama

Nimeridhika na majibu. Niseme kwa niaba ya wanaume, hili neno kubemenda limetumika vibaya sana. Mtoto akivimba mama ndo anayenyooshewa kidole, wakati aliyeuza yale maharage ni baba. Huyo shemeji wa jirani yuko wapi? Ameenda wodini?

binti_wa_tabora

Mzee wangu, alikuja jana jioni, amekaa mlangoni muda mrefu halafu akaingia. Leo kaleta maji ya kunywa na sabuni. Mama mkwe bado hajasema kitu, ila ameniuliza Ghana ni wapi na kwamba hao akina mama wa huko nao wanasema vilevile kama sisi? Nikamwambia ndio, na Waganda pia. Akakaa kimya akaniambia basi niendelee kumsomea nikija.

Nesi nina swali la mwisho. Yule dada alimwachisha ziwa miezi miwili iliyopita alipojua ana mimba, maziwa bado yanatoka kidogo. Anaweza kumrudishia? Anaogopa mimba itaharibika na anaogopa watu.

nesi_mstaafu_songea

Anaweza mwanangu. Maziwa ya mama mjamzito hayaharibiki na hayamdhuru anayenyonya. Yanapungua tu kadiri mimba inavyokua, ndo maana chakula cha kulikiza lazima kiwe kizuri. Kama mimba yake haina shida, hatokwi damu, hana historia ya kujifungua kabla ya wakati, kunyonyesha hakutoi mimba. Lakini asiamue peke yake nyumbani, amwambie daktari wa hapo wodini leo wakati wa raundi, wampime na yeye mkono kwa ule mkanda wa rangi, maana mama wa mtoto kama huyo mara nyingi na yeye amepungukiwa. Aulizie pia kliniki ya wajawazito, kama hajaanza aanze hapohapo hospitali, apate vidonge vya kuongeza damu na vya minyoo. Na yeye ale. Mgao wa nyumbani usiishie kwa mgonjwa tu, kuna watatu hapo wa kulishwa.

Akiruhusiwa apewe tarehe ya kurudi kupimwa, mwandikie kwenye simu yako na wewe umkumbushe. Uji wake nyumbani uchanganywe, unga wa dona na karanga iliyosagwa laini sana, dagaa waliochambuliwa vichwa wakasagwa, mafuta kijiko kimoja, na alishwe kwa sahani yake mwenyewe, asigombanie na wakubwa. Mara tano kwa siku. Mwambie mama mkwe hiyo kazi ya kusaga karanga namwomba yeye aishike, mtu mzima ana mkono mzuri wa kinu.